Namna ya Kusanifu Kozi ya Mtandaoni Inayowaandaa Watu Wazima wa Nairobi kwa Chuo na Kazi

Mtu mzima anayejiandikisha katika kozi ya mtandaoni jijini Nairobi huwa hatafuti elimu kwa jumla. Anatafuta njia ya kupita mahali fulani alipokwama. Fundi wa kuchomelea vyuma pale Kariobangi ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na miwili, lakini kila kampuni anayoiendea inamwomba cheti. Mama anayeuza mitumba Gikomba aliacha shule akiwa kidato cha pili, na sasa anataka kuufanya mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, akiwa mtahiniwa wa kibinafsi. Bawabu wa zamu ya usiku katika Eneo la Viwanda alipata alama ya D+ katika mtihani huo, na miaka yote hii ameamini kwamba njia ya chuo ilizibwa siku matokeo yalipotoka. Ukiwatazama kwa mbali, watatu hawa ni kundi moja la watu wazima wanaotaka kusoma, na hapo ndipo kozi nyingi huharibika: huandikwa kwa kufuata mada ambazo mwandalizi anazifahamu vizuri, kisha wanafunzi hutarajiwa kujipanga wenyewe kuzifuata. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio wa kinyume. Ujue kwanza mlango ambao mwanafunzi anataka kuupita, ujue saa na data alizo nazo, na baada ya hapo ndipo uandike somo la kwanza.

Mlango kwanza

Andika milango halisi iliyopo na masharti ya kila mmoja. Nchini Kenya, masomo ya shahada kwa kawaida huhitaji alama ya wastani ya C+ katika KCSE, diploma katika vyuo anuwai, yaani vyuo vya ufundi, huhitaji C-, cheti cha ufundi huhitaji D, na ngazi ya fundi wa mwanzo huwapokea hata walio chini ya hapo. Mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, una ngazi 10, na jambo kubwa ndani yake ni kwamba mtu anaweza kuingia ngazi ya chini kisha akapanda. Kwa bawabu wetu mwenye D+, habari hii peke yake ina thamani kuliko wiki mbili za hisabati, kwa maana inambadilishia swali. Haulizi tena kama anaweza kusoma, bali anauliza aanzie cheti gani ili baadaye afike kwenye diploma. Maombi yake yanaweza kupitia KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, ambayo kwa upande wa vyuo anuwai huwapokea pia watu waliofanya KCSE miaka mingi iliyopita. Kwa anayefikia masharti ya shahada lakini hawezi kuacha kazi, kipo Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2023 na ambacho hufundisha kwa njia ya mtandao.

Fundi wa Kariobangi ana mlango mwingine kabisa. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, inayojulikana zaidi kama NITA, hutahini mafundi kwa madaraja matatu, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na pia upo utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila kukaa darasani. Mtu huyu hahitaji kufundishwa kuchomelea. Anahitaji kusoma mchoro wa kiufundi, kutaja kwa lugha ya mtihani vitu ambavyo mikono yake inavijua tayari, kueleza kanuni za usalama, na kukusanya ushahidi wa kazi alizozifanya. Ukimpa kozi ya insha na aljebra atakuwa amekwenda zake kufikia wiki ya tatu, na atakuwa na haki.

Mama wa Gikomba anahitaji ukweli kabla ya kitu kingine chochote. KCSE hupimwa kwa masomo yasiyopungua saba, na hakuna kozi ya miezi mitatu inayoweza kuyabeba yote. Isitoshe, kundi la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4, ambao KCSE ndio mtihani wake wa mwisho, liliingia kidato cha kwanza mwaka 2024 na linatarajiwa kufanya mtihani huo mwaka 2027, kwa hiyo yeyote anayemwandalia kozi lazima apate kalenda na masharti ya usajili kutoka kwa Baraza la Kitaifa la Mitihani kabla ya kupokea hata shilingi moja yake. Kozi inaweza kumrudishia mazoea ya kusoma, ikaimarisha hisabati na Kiingereza chake, na ikamsaidia kuamua kama KCSE ndiyo njia inayomfaa au kama cheti cha ufundi kitamfikisha mapema zaidi. Hilo ni jambo la maana sana, alimradi usilipe jina la jambo lingine.

Chagua mlango mmoja, au miwili inayokaribiana, kisha uandike sentensi moja inayosema mshiriki ataweza kufanya nini mwishoni. Sentensi kama “Mshiriki atapata maarifa ya kumwezesha kufaulu maishani” haifai, kwa kuwa hakuna anayeweza kuipima. Iliyo bora inasema hivi: “Baada ya wiki 12, mshiriki ataweza kusoma kurasa mbili za kitabu cha kiada cha Kiingereza na kuzifupisha kwa ukurasa mmoja, kutatua maswali ya asilimia na uwiano akionyesha hatua zake, na kuwasilisha ombi kamili la kujiunga na cheti cha ufundi.” Sentensi ya namna hii huuma, kwa maana hukulazimisha kuacha nje mambo mengi unayoyapenda.

Ili uijaze sentensi hiyo kwa ukweli badala ya kubahatisha, kusanya karatasi zenyewe: mitihani ya miaka iliyopita, fomu za maombi, matangazo ya kazi yapatayo ishirini katika fani husika, na ikiwezekana, zoezi la kwanza ambalo wanafunzi wa muhula wa kwanza hupewa. Nenda katika taasisi ya kiufundi iliyo karibu nawe na umwulize mkufunzi swali moja: wanafunzi wanaorudi shuleni baada ya miaka mingi hushindwa wapi katika mwezi wa kwanza? Kwa kadiri nilivyosikia, ni mara chache jibu huwa mada ngumu. Hushindwa kufuata maagizo yaliyoandikwa, kunakili jedwali, kuwasilisha kazi kwa tarehe iliyowekwa, na kuuliza wanapokuwa hawajaelewa. Mambo haya hayaonekani katika mitaala mingi ya maandalizi, ilhali ndiyo yanayowatoa watu chuoni.

Kazi ya mwisho ambayo mshiriki atapimwa nayo iandikwe sasa, kabla ya somo lolote. Mpe mtu aliye chuoni mwaka wa kwanza aifanye na akuambie kama inafanana na anayoyakuta huko. Kila somo utakaloandika baadaye lijibu swali la kama linamsogeza mshiriki kuelekea kazi hiyo, na lisilomsogeza liondolewe hata kama ni zuri.

Saa na data

Mwandalizi wa kozi hupenda kuuliza maudhui yake yanahitaji saa ngapi. Swali lenye manufaa ni mwanafunzi ana saa ngapi, na njia ya kulijibu ni kumwomba akuchoree wiki yake. Bawabu anaingia kazini saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Akilala, akila, akishughulikia watoto na kufua, huenda akabaki na dakika arobaini mchana wa siku tano, pamoja na saa moja na nusu siku ya mapumziko. Hiyo ni kama saa tano kwa wiki. Kwa wiki 12 ni saa 60, na ukiondoa wiki ya kwanza ya kuzoea mfumo na ya mwisho ya tathmini, umebakiwa na saa 50 za kujifunza. Andika namba hiyo ukutani. Mada kumi na tano haziingii ndani yake. Tano huingia, tena kwa kubanwa.

Kwa kuwa muda huo huja vipande vipande, kila kipande cha somo kiwe cha dakika kama ishirini, chenye mwanzo na mwisho wake, ili anayeitwa ghafla aweze kuacha bila kupoteza mahali alipofika. Nilipoanza kuandaa masomo ya jioni kwa watu wazima upande wa Eastlands, nilirekodi mihadhara ya dakika arobaini, na nilishangaa kuona wanafunzi wenye bidii wakiniuliza mambo niliyokuwa nimeyaeleza katikati ya video. Hawakuwa wazembe, walikuwa hawajafika katikati. Uchunguzi wa mtafiti Philip Guo na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014 na ulioangalia mamilioni ya utazamaji wa video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ulionyesha kwamba urefu wa video ndio uliohusiana zaidi na kuendelea kuitazama, na wakashauri zisizidi dakika sita. Tangu hapo nimekata kila kitu kuwa vipande vifupi, na baada ya kila kipande naweka swali la kujibu.

Halafu kuna gharama ya bando, ambayo mwandalizi aliyekaa kwenye waifai ya ofisi huisahau kwa urahisi. Video inayopita kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde hula takriban megabaiti 450 kwa saa. Sauti peke yake iliyobanwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde hula takriban megabaiti 14 kwa saa, yaani dakika kumi za maelezo hazifikii megabaiti mbili na nusu. Kwa mtu anayenunua data ya siku kwa shilingi chache, tofauti hii ndiyo inayoamua kama atasoma au hatasoma. Kwa hiyo weka maelezo mengi katika maandishi na sauti, tumia video pale tu ambapo jicho linahitaji kuona kitu kikifanyika, kama vile jinsi ya kujaza fomu au kushika kipimo, na uhakikishe kila kitu kinaweza kupakuliwa mara moja na kusomwa nje ya mtandao. Mikutano ya moja kwa moja kwa video iwe michache na isiwe ya lazima, kwani humwadhibu mwenye zamu. Badala yake, panga siku moja kwa mwezi ya kukutana ana kwa ana mahali pasipo na gharama kubwa, kama vile maktaba ya umma. Jiji lina Maktaba ya McMillan katikati ya mji pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na sura za watu zikishaonana mara moja, ujumbe wa simu baada ya hapo husomwa kwa moyo tofauti.

Somo moja, kutoka mwanzo hadi mwisho

Chukulia kwamba unafundisha riba, ambayo ni mada ya hesabu za kibiashara inayotahiniwa katika KCSE na inayotumika pia katika kozi nyingi za vyuoni. Njia iliyozoeleka ni kuanza na kanuni yenye herufi, kisha mifano miwili, kisha maswali kumi. Mtu mzima aliyeacha shule miaka ishirini iliyopita akiona herufi hizo hujifunga kabla hujamaliza sentensi ya kwanza.

Anza na chama, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Waulize washiriki: mwanachama amekopa shilingi 5,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi na amekaa miezi sita bila kulipa, atadaiwa ngapi? Waache wabishane kabla ya kueleza lolote. Wengine watasema 8,000, kwa sababu katika chama chao riba huhesabiwa kwa mkopo wa mwanzo tu, yaani 500 kila mwezi. Wengine watasema ni zaidi, kwa sababu kwao riba isiyolipwa huongezwa juu ya deni na mwezi unaofuata nayo hutozwa riba. Hapo unawaambia kwamba pande zote mbili ziko sahihi kwa kanuni za chama chao, kwamba hesabu ya kwanza huitwa riba sahili na ya pili riba ambatani, na unawaomba waijaze hesabu ya pili mwezi baada ya mwezi: 5,500, kisha 6,050, kisha 6,655, hadi mwezi wa sita ifikie takriban 8,858. Baada ya kuijaza kwa mkono mara sita, wataona wenyewe kwamba kila mara wamezidisha kwa 1.1, na kanuni yenye herufi itakapokuja itakuwa ni ufupisho wa kazi waliyoimaliza. Mwisho wapewe swali moja lililoandikwa kwa lugha ya mtihani, ili waione hesabu ya chama ikiwa imevaa nguo za shule.

Mpangilio huo wa kuanza na jambo wanalolijua, kuwapa swali la kujaribu kwanza, kisha jina la kitaaluma, kisha umbo la mtihani, unafaa karibu katika kila mada. Uandishi wa aya unaweza kuanzia kwenye ujumbe wa malalamiko kwa mwenye nyumba kuhusu maji. Usomaji wa jedwali unaweza kuanzia kwenye viwango vya ada za M-Pesa. Lakini kuwe na kiasi, kwa sababu mwanafunzi naye anataka kufikishwa mahali ambapo hajawahi kufika, na kozi inayobaki sokoni siku zote humnyima hilo.

Mada iliyokwisha fundishwa irudi. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojijaribu kukumbuka walichosoma walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma tena, ingawa wale waliorudia kusoma walikuwa na imani zaidi kwamba wangekumbuka. Kwa kozi ya simu jambo hili ni rahisi kulitekeleza: maswali matatu kila Jumatatu kuhusu mambo ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita, yasiyo na alama, na majibu yaje jioni yake. Yanagharimu dakika tano, na ni sehemu ya kozi ambayo singekubali kuiondoa.

Lugha

Vyuo vyetu hufundisha kwa Kiingereza na mitihani mingi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mawazo ya wanafunzi wengi hutembea kwa Kiswahili. Kuwafundisha kwa Kiingereza tupu kwa sababu ndiyo lugha ya mlango ni kuwafanya wabebe mizigo miwili kwa pamoja. Kuwafundisha kwa Kiswahili peke yake ni kuwaacha mlangoni. Nimeona ufanisi katika utaratibu huu: dhana ielezwe na kujadiliwa kwa Kiswahili hadi ieleweke, kisha swali lisomwe kwa Kiingereza, na mshiriki aeleze kwa Kiswahili anachoombwa kabla ya kujibu. Maneno ya amri yanayotumika katika mitihani, yaani yale yanayomtaka mtu aeleze, alinganishe, ataje, atathmini au athibitishe, yafundishwe moja moja kwa mfano wa jibu linalofaa na lisilofaa. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kutaja walipoambiwa waeleze. Daftari dogo la istilahi ambalo mshiriki mwenyewe analijaza, neno kwa lugha zote mbili pamoja na sentensi aliyoitunga, lina faida kuliko kamusi ndefu unayomtumia.

Wiki ya kwanza

Watu wengi wanaoacha kozi za mtandaoni huacha mapema, na sababu za wiki ya kwanza hazifanani na za wiki ya nane. Wiki ya kwanza mtu huondoka kwa sababu amesahau nenosiri na anaona haya kuuliza, au kwa sababu jaribio la kwanza limemkumbusha siku aliyochekwa mbele ya darasa. Kimani Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza mwaka 2004 huko Eldoret akiwa na umri wa miaka 84, alivaa sare na kuketi pamoja na watoto, na nchi ikampenda kwa hilo. Alichagua mwenyewe. Kozi yako isimlazimishe mtu mzima kuvaa sare ya mtoto, kwa mifano ya maembe na penseli, kwa sauti ya kukaripia, au kwa orodha ya alama inayoonekana na kila mtu.

Kwa hiyo wiki nzima ya kwanza itumike kwa mambo manne tu: kuingia katika mfumo, kupakua somo, kutuma kazi ya sentensi tatu, na kupokea jibu kutoka kwa binadamu. Kazi hiyo iwe maelezo ya kwa nini amekuja na mlango anaoutaka, kwani utaihitaji baadaye atakapokata tamaa. Jaribio la kupima kiwango lifanyike, lakini matokeo yake yaende kwa mwezeshaji na kwa mshiriki mwenyewe pekee, yakiwa yameandikwa kama maelekezo: “Sehemu ndogo unazimudu, tutaanza na asilimia.” Mwezeshaji ampigie simu kila mshiriki kabla ya wiki kwisha, hata kwa dakika tano. Ukiwa na washiriki arobaini hizo ni dakika 200 za simu, na sijui matumizi bora zaidi ya muda huo katika kozi nzima. Huyo aliyepigiwa, akikwama baadaye, ana mtu wa kumwambia.

Upande wa kazi

Maandalizi ya kazi katika kozi nyingi huwa ni somo moja la kuandika wasifu kazi, nalo huwekwa mwishoni wakati watu wameshachoka. Yasambaze kote. Kuanzia wiki ya pili, kila mshiriki awe na mkoba wa ushahidi, unaoweza kuwa folda katika simu na bahasha nyumbani. Ndani yake fundi ataweka picha za mageti na madirisha aliyoyatengeneza zikiwa na tarehe, barua fupi kutoka kwa wateja, na maelezo ya aya moja kuhusu kila kazi: alipewa nini, alipima vipi, alikumbana na tatizo gani, alilitatua kwa njia gani. Kazi hii moja humfundisha uandishi, humwandaa kwa mahojiano, na humpa anachohitaji atakapoomba ujuzi wake utambuliwe rasmi. Mama wa mitumba naye ana ushahidi zaidi ya anavyodhani: daftari la mauzo, jinsi anavyopanga bei ya bunda, jinsi anavyowakopesha na kuwadai wateja. Msaidie aviite kwa majina ambayo mwajiri au mkufunzi anayafahamu.

Mahojiano yafanyiwe mazoezi kwa ujumbe wa sauti. Mshiriki hutumiwa swali, hurekodi jibu la dakika moja na nusu, hulisikiliza, hulirekodi tena, na hutuma lile analoliona bora. Hakuna bando kubwa linalotumika, na kujisikiliza kunafundisha mengi ambayo mwezeshaji angeyasema kwa maneno yanayochoma. Ongeza pia siku moja ya shughuli za karatasi, yaani kupata PIN ya kodi, cheti cha maadili mema na nakala za vyeti vilivyopotea, kwa maana nafasi nyingi humpita mtu akiwa bado anazungushwa kutafuta hivyo.

Jukwaa na sheria

Hapa sitakaa sana. Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi za mtandaoni, haina ada ya leseni na programu yake ya simu huruhusu kupakua masomo, ingawa utalipia mahali pa kuihifadhi na utahitaji mtu wa kuitunza. Kwa kundi la kwanza la watu ishirini, kikundi cha WhatsApp pamoja na faili zilizopangwa vizuri vinatosha. Kikundi kiwe na kanuni, ikiwemo ya kutotuma chochote baada ya saa nne usiku na ya kutotuma matangazo ya biashara. Wagawe washiriki katika makundi ya watu watano wanaoishi au kufanya kazi karibu, kwa sababu kundi la watano hutambua mara moja mmoja wao akinyamaza.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu mara tu unapokusanya majina, namba za simu na alama za watu. Kusanya unachohitaji tu, eleza kwa nini unakihitaji, na usiombe picha ya kitambulisho kwa sababu tu fomu yako ina nafasi hiyo. Kama kozi yako haijasajiliwa na mamlaka husika ya mafunzo, sema hivyo kwa maandishi makubwa katika tangazo lenyewe, na karatasi utakayotoa mwishoni iseme tu kwamba mtu alishiriki na akafanya kazi zipi.

Kujaribu na kurekebisha

Usianze na washiriki mia. Anza na sita, wa umri na simu tofauti, na ukae karibu nao wakifungua somo la kwanza. Usiwasaidie. Andika kila mahali kidole kinaposita. Saa moja ya kuwatazama hivyo itakuonyesha vitufe visivyoonekana juani, maagizo yenye maana mbili, na faili zisizofunguka katika simu za bei nafuu. Awepo pia mtu asiyeona vizuri au asiyesikia vizuri, kwani maelezo ya maandishi chini ya video na maandishi yanayoweza kukuzwa ni rahisi kuyaweka sasa kuliko baadaye.

Kozi ikiendelea, weka jedwali moja lenye mstari wa kila mshiriki na safu wima ya kila wiki, uweke alama kwa kila aliyewasilisha kazi. Wiki ambayo alama zinapungua kwa watu wengi ndiyo yenye somo baya au refu mno, na mshiriki aliyekosa wiki mbili mfululizo apigiwe simu. Mwulize kilichobadilika katika wiki yake, wala usimwulize kwa nini hakufanya kazi. Mara nyingi utasikia kwamba zamu imebadilishwa, mtoto ameugua au simu imeuzwa, na mambo hayo matatu yanahitaji majibu matatu tofauti: ratiba nyingine, likizo ya wiki mbili yenye tarehe ya kurudi, au nakala ya masomo iliyochapishwa kwenye karatasi.

Miezi mitatu baada ya kozi kwisha, wapigie tena wote, waliomaliza na walioacha, ukiwa na zile sentensi tatu walizokuandikia wiki ya kwanza. Waulize kama waliuendea mlango walioutaja, nini kiliwatokea walipofika, na ni swali gani waliloulizwa pale ambalo hamkulifanyia mazoezi. Maswali hayo yaandike jinsi yalivyosemwa, kisha uyapeleke moja kwa moja katika kazi ya mwisho ya kundi linalofuata.